Kura ya Kumshuku Nesi Nyamizi

Nchi yenyewe sitaitaja. Imebadilishwa jina mara nne tangu nipate akili, na jina la tano liko kwa mchapaji, kwa hiyo nikilitaja leo kesho nitaonekana mwongo. Itoshe kusema ni nchi yenye serikali inayosoma.

Huko kusoma ndiko kulikoleta haya yote. Waziri wa Utulivu wa nchi hiyo, Mheshimiwa Tambaliza, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akapelekwa kutibiwa nje, maana hospitali za ndani alikuwa amezifungua mwenyewe na alizijua. Huko alilala wiki tisa. Kando ya kitanda chake palikuwa na kabati la riwaya za upelelezi zilizoachwa na wagonjwa waliopona, na nyingine za ambao hawakupona. Mheshimiwa akazisoma zote, sitini na moja. Alikuwa hajamaliza kitabu tangu shule ya msingi, na mtu wa namna hiyo akimaliza sitini na moja kwa mkupuo, nchi haiwezi kubaki salama.

Alirudi na fimbo mkononi, akaenda moja kwa moja bungeni.

"Waheshimiwa," alisema, "nimefanya utafiti wa kina nikiwa nimelala chali. Katika vitabu vyote hivyo sikuona hata kimoja ambamo askari aliye zamu anatatua kesi. Hata kimoja! Askari wa zamu anafika amechelewa, anakanyaga alama za viatu, anamkamata mtu siye. Lakini askari huyohuyo mpe likizo. Mvalishe kaptula, mweke kwenye hoteli ya mlimani. Uhalifu utamfuata wenyewe hadi mezani anapokunywa chai, na kabla likizo haijaisha mhalifu kajulikana! Sasa nauliza, taifa maskini kama letu linapata wapi jeuri ya kuendelea kuwaweka askari kazini?"

Wabunge walipiga meza hadi glasi mbili zikaanguka. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa maswali yalikuwa yamehamishiwa kikao cha mwezi wa nane.

Mwezi huohuo askari wote wakapelekwa likizo. Waliokataa walisindikizwa na wenzao, halafu wenzao wakasindikizana. Vituo vikafungwa kwa kufuli, na kila mlango ukabandikwa tangazo: TUMEKWENDA LIKIZO KWA USALAMA WAKO.

Kisha ukatoka Mwongozo wa Upelelezi wa Kisasa, wenye picha ya Mheshimiwa akiwa kitandani. Mwongozo ulikataza raia kumripotia askari aliye likizoni uhalifu wowote, kwani kumwambia ni kumharibia bahati yake ya kukumbana nao. Uliagiza pia kila mkoa uwe na Mpelelezi Maarufu, ambaye hatakiwi kuwa askari, ila lazima awe na koti refu, kioo cha kukuzia, na tabia moja ya ajabu. Na ukurasa wa tisa ukaweka sheria ambayo Mheshimiwa alisema imethibitishwa na vitabu vyote bila ubishi, kwamba mhalifu ni yule ambaye hakuna anayemshuku.

Mimi si mtu wa kulaumu. Kwenye karatasi yote hayo yalikaa vizuri sana.

*

Ngurukia ni wilaya ya milimani, yenye baridi, njegere, na zahanati moja. Zahanati hiyo ilikuwa na friji moja la kutunzia chanjo, nalo liliandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu: CHANJO TU. USIWEKE CHAKULA. Aliyeliangalia ni muuguzi mkunga, Nesi Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye nusu ya wilaya ilipokuja duniani uso wa kwanza kuuona ulikuwa wake.

Msimu ule surua ilikuwa imeingia vijiji vya juu. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Gari la chanjo lilitarajiwa Ijumaa, nalo lilikuwa na sharti lake: likikuta friji, linashusha, likikosa friji, linageuza na kurudi baada ya miezi sita. Kila mama wa Ngurukia aliijua Ijumaa hiyo kama anavyoijua siku ya kujifungua.

Jumatatu, saa nne asubuhi, friji likaibiwa.

Wizi wenyewe haukuwa wa siri. Gari la ofisi ya wilaya lilisimama mlangoni, wakashuka wanaume wanne, wakasalimia wagonjwa kwa adabu, wakaomba wasaidiwe kuinua. Wagonjwa wakasaidia. Mzee mmoja mwenye kifua kikuu alishika upande wa mlango, na hadi leo anajilaumu. Baada ya robo saa friji lilikuwa barazani kwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Matembele, limejaa soda, na yeye mwenyewe yuko kitini kando yake anampa kila mgeni chupa baridi.

"Karibu, jisikie nyumbani," alikuwa akisema, huku ameweka mkono juu ya maandishi CHANJO TU. Mkono ulifunika TU peke yake.

Wakati huo Nesi Nyamizi alikuwa chumba cha kujifungulia akizalisha pacha. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, na kulikuwa na mashahidi tisa, ukijumlisha hao pacha. Alipotoka kunawa akakuta ukuta una mraba mweupe pale friji lilipokuwa.

Alikwenda kwa Matembele akiwa bado na aproni.

"Mkuu, hilo friji ni la watoto."

"Friji lipi, Nesi?"

"Hilo uliloegemea."

Matembele akaligeukia kama aliyeonyeshwa mgeni. "Una ushahidi?"

"Limeandikwa."

"Maandishi si ushahidi, dada yangu. Hata mimi nimeandikwa Mkuu wa Wilaya. Soda?"

*

Bahati nzuri, au nilidhani ni bahati nzuri, Inspekta Chilumba alikuwa amepangiwa likizo yake hapohapo Ngurukia, kwenye nyumba ya wageni inayotazamana na zahanati. Alikuwa mtu wa kazi. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kupumzika, na sasa alikuwa anapumzika kwa amri, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, amevaa kaptula na shati lenye picha za mananasi. Kila siku alituma makao makuu Taarifa ya Kupumzika, ikieleza alikalia kiti gani, aliangalia nini, na kama aliwaza chochote.

Kutoka kitini pake aliliona friji likipita Jumatatu. Aliona hata wanaume wanne. Lakini kuona si kukumbana. Mwongozo unataka askari ajikwae.

Jumanne asubuhi Nesi Nyamizi akaja uani na bakuli la pumba. Hakumwangalia Inspekta. Alimwendea kuku wa mwenye nyumba, akachuchumaa.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "unajua friji letu la chanjo limechukuliwa?"

Inspekta akainamisha kofia yake ya ukili.

"Unajua liko wapi, kuku? Liko barazani kwa Mkuu wa Wilaya. Limejaa soda. Na Ijumaa gari linakuja, na surua iko Mlimajuu. Sasa wewe kuku, kama una macho, si utembee mpaka pale ukajikwae?"

"Dada Nesi," Inspekta alisema pembeni mwa mdomo, "unaniharibia bahati."

"Nani kasema na wewe, Afande? Nasema na kuku."

"Na usiniite Afande. Niko likizo."

"Nikuite nani?"

Akafikiri. "Niite mgeni."

"Basi mgeni, kaa na mananasi yako." Akamgeukia kuku. "Na wewe nenda, huna faida."

Inspekta alisimama. Akavaa kandambili, akatoka kwenda matembezi, jambo linaloruhusiwa. Alipofika mbele ya baraza la Matembele alijikwaa vizuri kabisa, kwa namna ambayo ingempa cheo nchi nyingine, akaanguka akiwa ameshika mguu wa friji.

"Pole, mgeni!" Matembele alimwinua, akampa soda ya machungwa. "Milima hii ina mawe."

"Hili friji," Inspekta alisema, "linaonekana limeibiwa."

"Sana," alikubali Matembele. "Kila mtu analiona. Sasa soma ukurasa wa tisa, mwanangu, halafu uniambie kama mtu anayeonekana hivi anaweza kuwa mwizi."

Inspekta akanywa soda yake hadi mwisho. Alikuwa ameusoma ukurasa wa tisa.

*

Jumatano akafika Mpelelezi Maarufu wa mkoa, Bwana Kasongwa. Huyu kabla ya kuteuliwa alikuwa akiuza sumu ya panya minadani kwa kipaza sauti. Koti refu alikuwa nalo kwa ajili ya vumbi, na kioo cha kukuzia cha kusomea maelezo ya pakiti. Tabia yake ya ajabu ilikuwa kwamba hawezi kufikiri bila kutafuna kitunguu kibichi. Waziri alipoisikia hiyo alimpa kazi papo hapo, akafungua na dirisha.

Kasongwa alipima ukuta mtupu wa zahanati kwa kioo. Alilamba sakafu. Aliuliza jina la kuku. Kisha akasimama katikati ya wagonjwa, akauma kitunguu, akatoa sauti ileile ya mnadani:

"Wananchi wa Ngurukia! Panya huyu... mwizi huyu ni mjanja, lakini hajanipata mimi! Nijibuni. Nani hapa ndani ambaye hakuna hata mmoja wenu anayemshuku?"

Watu wakajibu kwa moyo mweupe, kwa pamoja, kama darasa la kwanza: "Nesi Nyamizi!"

"Alikuwa wapi saa ya tukio?"

"Anazalisha!"

"Mashahidi?"

"Tisa!"

Kasongwa akafumba macho kwa raha. "Tisa. Mikono yote miwili. Anapendwa na wote, na friji ni lake mwenyewe, hana sababu ya kuliiba." Akamwelekezea kitunguu. "Mama, sijawahi kuona mtu mwenye hatia safi kama yako. Kesho saa tatu, ukumbi wa wilaya. Nitakutangaza mbele ya wote, maana ndivyo inavyofanywa. Usikose, na uje na nguo za kubadili."

Adhabu yake, kwa wasioijua nchi ile, ilikuwa miaka saba.

Nesi Nyamizi hakulia. Alimaliza kufunga kidonda cha mtu, akanawa, akaenda nje kukaa kwenye kizingiti. Ng'ambo ya barabara, Inspekta Chilumba alikuwa amefungua kitabu. Ni haki ya mtu aliye likizo kusoma, na hakuna mahali walipoandika kwamba asome kimyakimya.

"Ukurasa wa tisa," alisoma kwa sauti kubwa, akiwa ameelekeza uso milimani. "Mhalifu ni yule ambaye idadi ya wanaomshuku ni sifuri. Kama kuna ubishi, mikono inyooshwe ukumbini, ihesabiwe. Mwenye kushukiwa na wengi aachwe huru." Akafunua karatasi, akairudisha. "Mwenye kushukiwa na wengi, aachwe huru. Lo, kitabu kitamu hiki."

Nesi akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akawaita akina mama waliokuwa kwenye benchi.

"Jamani, mnanipenda?"

"Tunakupenda, Nesi!"

"Basi kuanzia sasa mnishuku."

*

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Viti vilipangwa duara, kwa sababu kwenye vitabu hukaa hivyo. Ukutani ilikuwepo picha ya Baba Mwenye Nchi, rais wao, akitabasamu kwa watu wote bila kubagua. Inspekta Chilumba alikaa nyuma na kofia yake. Alisema amepita tu kupunga upepo. Karani wa wilaya alikaa mezani na Fomu ya Tuhuma, tayari kuituma makao makuu kwa simu mara itakapokamilika.

Kasongwa alitembea duarani mara tatu akitafuna.

"Tuanze na asiye na umuhimu. Nani anamshuku Bwana Matembele?"

Mikono ikanyooka yote, na wa mkewe ukiwemo. Matembele mwenyewe akanyoosha miwili. Karani akahesabu mia tatu na kumi na mbili.

"Safi kama pamba!" Kasongwa akatangaza. Matembele akainama kama aliyevishwa nishani. "Sasa tuje kwenye uchungu. Nani, katika nyinyi, anamshuku Nesi Nyamizi?"

Mikono ikapanda yote.

Kasongwa akasahau kutafuna. "Haiwezekani. Jana mlisema..."

"Jana tulimwogopa!" alisema mama mmoja wa Mlimajuu. "Mimi namshuku tangu tukiwa wasichana. Anatembea kama mtu mwenye friji."

"Mimi alinichoma sindano bila kuumia," alisema mwingine. "Mkono mwepesi namna ile si wa bure."

Akasimama Mama Pacha, aliyejifungua Jumatatu, ambaye kwa mila alitakiwa kuwa ndani arobaini. Alikuwa na pacha wake mmoja kila upande. "Mimi ndiye niliyekuwa naye saa hiyohiyo. Aliniambia sukuma, nikasukuma. Lakini macho yake, Bwana Mpelelezi! Macho yake yalikuwa yanasema friji."

"Mashahidi tisa walisema alikuwepo!"

"Na watoto nao wanamshuku," alisema Mama Pacha, akainua mikono midogo miwili, wa kulia na wa kushoto. "Andika, karani."

Karani akaandika mia tatu na kumi na nne. Nesi alikuwa amempita hata Matembele. Kasongwa alimwangalia Nesi kwa masikitiko ya mfanyabiashara aliyekosa mteja.

"Uko huru," alisema. "Ila nataka sifuri yangu. Siondoki hapa bila sifuri."

Akaanza kupita mtu mmoja mmoja. Katekista akapata mikono arobaini, jambo lililomshangaza yeye peke yake. Mwenye nyumba ya wageni akapata zaidi. Kuku naye akapigiwa kura, akapata sita. Ikafika saa sita mchana na kila aliyemo ukumbini alikuwa na wa kumshuku, maana ukishawafundisha watu kushuku hawaachi haraka.

"Hakuna mwingine?" Kasongwa alisema, sauti imemkauka. "Hakuna mtu mmoja tu, katika nchi nzima, ambaye hakuna anayemshuku?"

"Yupo," alisema Mama Pacha. Alikuwa amechoka na alitaka kwenda kulala. Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Huyo hamjampigia."

Ukumbi mzima ukaigeukia picha. Kasongwa, ambaye kinywa chake kilizoea kutangulia akili tangu siku za mnadani, akauliza: "Nani anamshuku Baba Mwenye Nchi?"

Mtu mmoja aliyekuwa anajikuna kichwa aliushusha mkono wake taratibu, kwa kutumia mkono mwingine. Matembele alikalia mikono yake.

"Sifuri!" Kasongwa alipiga kelele, ameruka juu kwa furaha. "Sifuri kamili! Wananchi, mwizi amepatikana!"

Halafu akasikia alichosema. Kitunguu kikamdondoka. Karani, ambaye kazi yake ni kutuma na si kuelewa, alikuwa ameshabonyeza.

Kule nyuma Inspekta Chilumba alijifunika uso kwa kofia. "Mimi niko likizo," alisema humo ndani.

*

Wa kwanza kupata akili alikuwa Matembele. Kama mwizi ni Baba Mwenye Nchi, basi friji ni la Baba Mwenye Nchi, na yeye siku nne mfululizo ameweka soda kwenye friji la Baba Mwenye Nchi. Alitoka ukumbini mbio. Hakungoja gari wala wale wanaume wanne. Watu walimwona anateremka kilima na friji mgongoni, limefungwa kwa tai yake na kamba ya mbuzi, chupa zinagongana ndani, mkewe nyuma akilishika lisianguke.

"Nesi!" alihema mlangoni. "Nimekuta hiki kitu mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali tu. Chukua, tafadhali. Usiseme nilikuwa nacho."

Nesi Nyamizi hakumsaidia kulishusha. "Toa soda zako kwanza. Sasa chukua kitambaa kile, ulipanguse ndani. Na pembeni. Na huko chini kunanata soda, je, huoni?"

Mkuu wa Wilaya akapiga magoti akapangusa. Kisha Nesi akalichomeka.

Ijumaa gari la chanjo lilikuja, likakuta friji linaunguruma, likashusha.

Siku hiyohiyo likafika pia tamko la Waziri. Lilisomwa na karani, mlangoni pa zahanati, mbele ya foleni ya akina mama iliyokuwa imefika hadi kwenye shamba la njegere. Mheshimiwa Tambaliza alisema kwamba, baada ya utafiti mwingine wa kina, imebainika friji la Ngurukia halikuibiwa kamwe. Hivyo Fomu ya Tuhuma imechomwa, na Bwana Kasongwa ameteuliwa balozi katika nchi ya mbali yenye panya wengi. Ila kwa kuwa mtu mmoja amepatikana akiwa ameibiwa pasipo kuwepo mwizi, kitendo kinachoidhalilisha dola, muuguzi Nyamizi atakamatwa mara moja na kufungwa miaka saba.

Karani akageuza karatasi.

"'Hata hivyo,'" alisoma, "'kwa sababu serikali yetu ni ya kiutu na inawajali watoto, muuguzi huyo aachwe kwanza amalize kuwahudumia walio kwenye foleni. Foleni ikiisha, akamatwe. Inspekta Chilumba anaondolewa likizo kuanzia sasa ili atekeleze.'"

Inspekta akaenda kubadili nguo. Alirudi na sare na pingu, akaketi kwenye benchi la mlangoni kungoja foleni iishe. Hakuwa mtu wa kukiuka amri. Aliona mama wa kwanza akitoka na mtoto aliyechanjwa, mtoto bado analia. Akaona mama huyo anafika barabarani, anasimama, anawaza kidogo. Kisha anageuka, anatembea hadi kwenye shamba la njegere, anasimama nyuma ya wa mwisho.

Wa pili naye akafanya hivyohivyo. Na wa tatu.

Jioni Inspekta akaandika taarifa yake: Foleni bado ipo. Jumamosi akaandika hivyo. Jumatatu pia. Makao makuu walisifu kwamba idadi ya wananchi wanaojitokeza kupata huduma imepanda kuliko wilaya zote, wakaleta cheti.

Hii ni wiki ya kumi na moja. Mama Pacha anakuja kila siku saa mbili.

"Leo tumekuja kupimwa uzito, Afande."

"Jana mlipimwa."

"Watoto wanakua, Afande."

Inspekta akawatazama pacha wote wawili. Akasogea mwisho wa benchi, akampisha akae, akampokea mmoja ili mama apumzishe mkono. Kisha, kwa mkono uliobaki, akaandika taarifa yake ya siku hiyo mapema, kabla ya saa mbili na nusu.